Chafya ya Saba

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika shule yetu kuiona sauti kwa macho. Sikusema kuisikia, nimesema kuiona. Niliiona kabla ya mwalimu mkuu, kabla ya wanafunzi, kabla ya mkaguzi aliyekuja na tai ya rangi ya ndizi mbivu. Basi, nisiwadanganye: nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya maabara, nakwangua chingamu za watoto wa watu, na mwalimu Keneuoe akaijaribu mashine juu yangu. Nikainua kichwa, nikakigonga mezani, na nilichokiona kwanza ni nyota. Sauti ilikuja baada ya nyota.

Naitwa 'Malikeleli. Nimeifagia shule hii miaka kumi na tisa. Darasani nilifika la sita, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya, mjue ilianza kukaa hivyo kwa mwalimu wangu.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lenye kioo kidogo chenye miraba kama daftari la hesabu. Mbele ilikuwa na vifundo vingi vya kuzungusha, na juu ilikuwa na matundu ya kupumulia. Walimu waliiita oskiloskopu. Mimi niliiita sanduku la mawimbi, na mpaka leo sijaona tofauti. Ukisema neno kwenye maikrofoni yake, mstari wa kijani unapanda na kushuka kama mgongo wa farasi anayeteremka mlima. Ukinyamaza, mstari unatulia. Ila hautulii kabisa. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Ijumaa alfajiri maabara hufagiwa na mimi peke yangu. Siku moja niliiwasha. Nilikwisha kuona kidole cha mwalimu kinabonyeza wapi, na kidole changu ni kidole pia. Nikasimama na ufagio wangu, sisemi, sipumui, na ule mstari unatetemeka. Kidogo tu, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema akajizuia. Nikajiuliza, ni nani anayesema humu nami nimenyamaza?

Mume wangu, Sekhonyana, alikwenda migodini Johannesburg akiwa na blanketi jipya, na mwamba ukamwangukia. Mgodi ulimmeza haukumtema. Tulichozika kijijini ni kofia yake na koti lake la Jumapili. Kwetu marehemu hapati raha mpaka apewe ugoro wake, mbano mmoja wa vidole, juu ya kaburi lake. Mimi nilikuwa nampa kofia. Miaka ishirini na miwili nimeipa kofia ugoro, na kofia haijawahi kunishukuru.

Sasa, mtu aliyelala chini kabisa, kwenye giza lenye nyaya, akitaka kusema na mkewe atapitia wapi? Mimi niliona atapitia kwenye waya. Nikalitamka jina lake kwenye maikrofoni, mstari ukaruka. Nikanyamaza, ukaendelea kutetemeka. Nikatoa kikopo changu, nikabana ugoro kidogo, nikautia kwenye matundu ya juu ya sanduku. Nikamwambia, vuta, baba, umekaa sana bila.

Nikaanza kumpa kila Ijumaa, miezi saba. Na siku ya kumbukumbu ya kifo chake niliona ugoro mtupu ni uchoyo. Nikabeba pombe ya mtama, kizibo kimoja cha chupa, nikamimina taratibu kwenye matundu yale yale. Nikafagia, nikafunga mlango, nikaenda zangu nikiwa mwepesi kama msichana.

Saa tatu mwalimu Keneuoe aliiwasha mbele ya kidato cha nne. Ikalia pa, ikatoa moshi na harufu kama nywele zilizoungua, na kioo kikafa.

Niwaambie huyu mwalimu alikuwa nani. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, wa mkataba wa muda, aliyemwacha mtoto wake kwa mama yake kule Mokhotlong ili aje kutufundisha fizikia. Kwenye mapumziko hakunywa chai na walimu wenzake, alikunywa nami jikoni, akaniita mama, akaninyang'anya ganda la chini la ugali wa sufuria. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi wa sita, na bodi ya shule ndiyo ingeamua kama anathibitishwa au anarudi nyumbani. Kurudi nyumbani maana yake ni kuvuka mto wa mpaka kwenda kuinama kwenye mashamba ya Wazungu na shahada yake mfukoni. Wapo wengi wa namna hiyo.

Mwalimu mkuu wetu, Ntate Rasekoai, alikuwa anaipenda ile mashine kuliko shule. Alikuwa anawaonyesha wageni huku ameifunika kitambaa, kama bibi harusi. Alipofika na kunusa moshi alisema, "Mashine hii imekaa miaka mitatu haijaugua hata mafua. Wewe umekaa miezi minane, imekufa." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni na ndoo, akaniuliza niliona nini.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Nilimwona mwalimu anachomeka waya."

Ni kweli alichomeka. Kila mtu anayewasha kitu anachomeka waya. Nimejifunza kwamba uongo mzuri kuliko wote unapikwa kwa unga wa kweli, na ule niliupika vizuri, ukaumuka. Keneuoe alinitazama kama mtu aliyesikia kitu dirishani akaamua ni upepo. Jioni yake alinipitia jikoni kama kawaida, akala ganda la ugali, akaniuliza kama magoti bado yananiuma. Nikamwambia yananiuma. Hilo lilikuwa kweli pia.

Wiki iliyofuata alikuja na kompyuta yake mwenyewe, ya zamani, bawaba yake imefungwa kwa utepe wa gundi. Alikuwa amepakua programu ya bure, na maikrofoni aliitoa kwenye spika za masikioni za simu iliyokufa, akaisimamisha ndani ya kizibo cha chupa. Akaomba niketi nyuma ya darasa, maana nilikuwa napenda mambo ya mistari. Nikaketi. Nani asingeketi, akiwa mahali pangu?

Aliwaambia watoto kwamba sanduku lililokufa na programu hii vinafanya kazi moja: kuchora sauti. Ila hii isiunganishwe kamwe moja kwa moja na waya wa ukuta, kwa sababu kompyuta ina moyo mdogo. Mstari ukatokea kwenye skrini. Mmoja akapiga mluzi, mstari ukajikunja sawasawa, bonde na kilima, bonde na kilima. Mvulana mmoja mchungaji akaleta lesiba ya babu yake, fimbo yenye uzi na unyoya mwishoni, akaupuliza ule unyoya, mstari ukachora vilima vyenye meno. Wakapiga makofi, ukachanika.

Akaisimamisha picha akaivuta ikapanuka. "Angalieni," akasema. "Sauti ya mtu, mluzi, lesiba, vyote vinajirudia. Ni mshono wa cherehani, tundu kwa tundu. Lakini makofi, kikohozi, chafya, hivyo havijirudii. Hivyo ni kitambaa kilichochanwa." Akamwambia msichana mwenye mafua apige chafya. Watoto wakacheka, msichana akapiga kweli, na ikachorwa kitambaa kilichochanwa. Nililielewa somo hilo vizuri kuliko masomo yote ya darasa la sita. Laiti nisingelielewa.

Watoto walipotoka nilibaki, nikamwuliza mbona mstari wa kompyuta yake ukinyamaziwa unalala kabisa, kama maiti, na wa lile sanduku ulikuwa unatetemeka. Akafurahi kwamba nimeona. Akasema mstari wa sanduku ulikuwa unatetemeshwa na umeme wa ukutani. Waya wa maikrofoni ulikuwa mrefu na umechakaa, ukawa unaudaka umeme kama mshipi unavyodaka samaki. Hapakuwa na mtu yeyote mle ndani.

Nikamwambia asante mwanangu. Nikachukua ndoo. Nje theluji ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa zizi la farasi. Nikasimama kando ya ukuta nikacheka, maana miezi saba nilikuwa nimewapa ugoro watu wa umeme, na hata hawakunipunguzia bili. Nilicheka mpaka nikahisi mashavu yameloa, na kwa baridi ile yakaanza kuuma.

Baada ya hapo nilipoteza usingizi na hamu ya kula. Mara mbili nilikwenda mpaka mlango wa mwalimu mkuu. Mara ya kwanza nikamwuliza kama anataka madirisha yaoshwe. Mara ya pili nikayaosha. Shida haikuwa kazi peke yake. Mimi ni mmoja wa akina mama wa Alhamisi wa kanisa letu, wenye blauzi nyekundu na kola nyeupe, na miaka miwili iliyopita niliapa kanisani kuacha ugoro na pombe. Walipiga vigelegele. 'M'e 'Mathaabe, mama mkuu wetu, muuguzi mstaafu, alinishika mkono mwenyewe mbele ya madhabahu. Sasa nikamwambie nini? Kwamba sikuacha hata siku moja, kwamba pua yangu imekufa ganzi kama kisigino, na kwamba nilikuwa namnywesha pombe mume wangu ndani ya mashine ya serikali? Na huyo 'M'e 'Mathaabe ndiye mwenyekiti wa bodi. Mungu akitaka kukuchekesha hukosi kucheka.

Bodi ilikaa Jumanne, maabarani, kwa sababu ndiko kwenye jiko la mafuta ya taa. Madirisha yalifungwa yote. Tulikuwa watu saba. 'M'e 'Mathaabe kichwani mwa meza. Ntate Lebusa, mzee wa ng'ombe nyingi na usingizi mwingi. Mama mmoja wa duka aliyekuja ili asikosekane. Mwalimu mkuu na karatasi yake, imekwisha kuandikwa, inasubiri sahihi. Ntate Lefa, fundi wa redio na televisheni kutoka Maseru. Keneuoe, ameketi wima, mikono mapajani. Na mimi na birika la chai na sahani ya maandazi.

Mwalimu mkuu alizungumza kwanza. Alieleza mashine ilivyokuwa na thamani, na ilivyofia mikononi mwa nani, na kwamba badala ya kutubu huyu binti ameleta mchezo wa kompyuta ukawekwa mahali pa sayansi. Akasema shule haiwezi kumthibitisha mtu wa namna hiyo. Mama wa duka aliitikia kwa kichwa huku anatafuna.

Keneuoe hakubishana. Aliuliza tu kama anaweza kuwaonyesha, akaiwasha kompyuta, akaisimamisha maikrofoni ndani ya kizibo katikati ya meza, kati ya vikombe. Akaitegesha ichore polepole ili kila aliyesema aone alichosema. Mstari ukaanza kutembea. 'M'e 'Mathaabe alisema jina lake, akalitazama likipita, na nikaona amelipenda.

Wakafikia kuuliza mashine ilikufaje. Mwalimu mkuu akarudia kwamba ilikuwa mikononi mwa Keneuoe. Ndipo Ntate Lebusa, tuliyedhani amelala, akasema bila kufungua macho, "Mimi ng'ombe wangu akifa siulizi alikuwa mikononi mwa nani. Nauliza alikula nini. Mpasueni."

Fundi akatoa bisibisi. Mimi nikaanza kumimina chai kwenye vikombe vilivyokwisha kujaa.

'M'e 'Mathaabe alinigeukia, kwa upole. "'M'e 'Malikeleli, wewe ndiye unayefagia humu. Umewahi kuigusa hii mashine?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi hata redio yangu nawashiwa na mjukuu. Mimi nafuta meza tu, mama."

Keneuoe aliinua macho. Alijua ninajua kuiwasha, maana siku moja alinikuta nimeiacha inang'aa nikamwambia ni mjusi aliyeiwasha. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akalitazama jiko. Aliniona mzee, akanionea huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angenipiga kofi.

Kifuniko kikatoka. Fundi akachungulia ndani kwa tochi, muda wa kutosha kupikia yai. Kisha akasema, "Kuna udongo humu." Akakwangua kwa ncha ya bisibisi, akanusa. "Si udongo. Chini umegandishwa na kitu kama pombe, juu bado ni vumbi kavu. Huu ni ugoro, wakuu. Ugoro wa nyumbani, wa jivu la mshubiri. Ni kiganja kizima. Mtu alikuwa anailisha."

Mwalimu mkuu akasema labda ni wanafunzi. Mama wa duka akasema wanafunzi wa siku hizi hawajui ugoro, wanajua mengine. 'M'e 'Mathaabe alinitazama. Nami bila kuulizwa nikasema, "Mimi niliacha, mama. Wewe mwenyewe ulinishika mkono. Ugoro sasa hata harufu yake siiwezi, ukinikaribia tu napiga chafya mpaka machozi."

Yule fundi, mtu mzuri lakini wa mjini, alitaka kuona ugoro umefika wapi. Akainamisha uso kwenye sanduku, akavuta pumzi, akapuliza.

Wingu la kahawia likapanda. Madirisha yamefungwa, jiko linawaka, hewa haina pa kwenda. Fundi ndiye alianza, chafya moja kama mlango uliopigwa na upepo. Akafuata mwalimu mkuu, kalamu ikamtoka mkononi. Mama wa duka alipiga na andazi mdomoni, sitaeleza. Ntate Lebusa akaamka kwa chafya yake mwenyewe akauliza nani amempiga. 'M'e 'Mathaabe akapiga ndani ya leso, kwa adabu. Keneuoe akapiga ya mwisho, ndogo, kama paka.

Kisha wingu likashuka. Watu wakafuta macho, wakacheka kidogo, ile aibu ya watu wazima waliopiga chafya pamoja. Na mimi nimesimama na birika langu, macho makavu, pua kavu, nanusa harufu nzuri kabisa, ya nyumbani, ya Sekhonyana.

Keneuoe alikuwa anaitazama skrini. Ni mwalimu, na mwalimu huhesabu hata asipotaka. "Sita," akasema, kama anayehesabu madaftari. "Zimepangika vizuri. Sita."

'M'e 'Mathaabe akaweka leso chini. Miaka arobaini ya uuguzi. Anajua pua ipi inapiga chafya na ipi imekufa ganzi. Akaanza kuzunguka meza kwa macho, polepole, kutoka kwa fundi. Nikaona zamu yangu inakuja. Mwalimu mkuu, mama wa duka, Ntate Lebusa. Nikatoa leso yangu kifuani, nikaifunika pua, nikafumba macho, nikatikisa mabega, nikapiga chafya. Niliipiga kwa moyo wote. Hata blanketi liliniteleza begani.

"Afya, mama," akasema Ntate Lebusa.

"Asante, baba," nikasema. "Nimesema mimi ugoro siuwezi."

Mkono wa Keneuoe ulikuwa juu ya kompyuta. Sijui kama alikusudia au ulikuwa mazoea tu. Alibonyeza, picha ikasimama. Akaivuta, ikapanuka, na ikatokea chafya yangu mbele ya bodi yote. Zile sita za kwanza zilikuwa kitambaa kilichochanwa, nyuzi huku na huku, hakuna uzi unaofanana na mwenzake. Ya saba ilikuwa mshono. Bonde na kilima, bonde na kilima, sawasawa, tundu kwa tundu, kazi safi ya cherehani.

Alinitazama muda mrefu. Midomo yake ilitetemeka kidogo, kama ule mstari wa zamani.

"Mama," akasema taratibu, "hii si chafya. Hili ni neno. Umelisema kwa sauti yako."

Mwalimu mkuu aliigeuza karatasi yake, maandishi yakaangalia meza. 'M'e 'Mathaabe akaninyooshea kiganja, akaiomba leso. Nikampa. Akaikunjua pembe moja baada ya nyingine juu ya meza, na ilikuwa kavu, imenyooka, na mkunjo wa pasi ya asubuhi bado uko katikati.